Maembe Yanaozea Chini ya Miti: Wito wa Harambee kwa Watu wa Msabaha

Ndugu zetu wa Msabaha, mlio nyumbani na mlio Mombasa, Nairobi na Uarabuni, salamu nyingi.

Tunaandika kwa haya. Juzi tu mlituchangia tangi la maji la shule, na watoto wanalitumia hadi leo. Lakini shida haikungoja tupumue.

Kaskazi iliyopita, lori lilifika kwa mama mmoja hapa, mjane anayesomesha kwa miembe sita ya ngowe. Dalali akapasua ngowe ya kwanza: funza. Ya pili: funza. Ya tatu hakuigusa, lori likageuka tupu. Jioni tulimkuta mama akifagia maembe kama afagiaye majani. Kifungua mimba wake alirudi shule mwezi mzima baada ya wenzake.

Adui ni nzi wa matunda kutoka Asia, aliyeonekana Pwani yetu mwaka 2003. Hutaga ndani ya embe. Embe likianguka, funza huingia mchangani na kutoka nzi mpya. Ndiye aliyefanya Kenya isimamishe kupeleka maembe Ulaya kuanzia 2014 hadi 2021.

Tukiri makosa. Tulipiga dawa kali wiki baada ya wiki, na funza yuko ndani ya nyama! Tulichoua ni nyuki. Tena tukachoma viota vya maji moto, wale sisimizi wekundu wa mitini, kwa kuwa wanauma wachumaji, ilhali wazee waliwaacha makusudi, maana walipo wao nzi hupata taabu kutaga. Mwaka huu tunawaachia miti yao. Hao hawadai senti.

Pesa ni za mitego yenye harufu ya kunasa madume, chambo cha majike, na mkufunzi wa siku mbili. Mashimo ya nusu mita ya kufukia maembe yaliyoanguka kila nyumba itachimba yenyewe. Nzi hajui mpaka wa shamba. Mmoja akizembea, sote tumekwisha.

Tunahitaji shilingi 96,000. Nyumba 38 zimetoa 21,500. Nyumba tatu hazijatoa. Zinajijua, na kwa leo hatuzitaji. Risiti zote zitabandikwa mlangoni pa ofisi ya chifu.

Tukutane Jumamosi ya kwanza ya Septemba, saa nne asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Imamu na mchungaji watatuombea. Mlio mbali, namba ya mweka hazina mnayo tangu mchango wa tangi. Asiye na pesa aje na jembe: mashimo ya mama yule bado hayajachimbwa.