Mabadiliko: kupanda mipaini ni Jumapili, si Jumamosi

Mwangaluka wapendwa! Jumamosi tuna msiba Igoma, kwa hiyo tunasogeza hadi Jumapili saa 1 kamili asubuhi, kwa Mama Neema, Buswelu. Tuwahi, jua likishapanda mche unanyauka mkononi.

1. Mchango ni sh 4,000 kila kaya: miche 3 pamoja na nauli ya kirikuu. Mpeni mweka hazina, mwisho Ijumaa saa 12 jioni.

2. Mashimo yachimbwe mapema, sm 45 kwa 45, angalau mita 8 kutoka ukutani na mbali na shimo la choo. Ukigonga jabali, hama. Mji wetu mnaujua.

3. Jembe, ndoo, na wembe wa kuchania viriba (vifuko vya plastiki vya miche).

Baba Kulwa ataleta ndoo ya udongo kutoka chini ya mipaini mikubwa. Msiucheke: una kuvu wanaoishi kwenye mizizi na kuusaidia mti kufyonza chakula ardhini. Mwaka jana mimi nilifukia mche mpaka nusu ya shina, nikaumwagilia kila siku kama mchicha. Sindano zikawa njano kuanzia chini, wiki ya tatu ukawa kuni. Shingo ya mzizi, yaani pale shina linapokutana na mizizi, ibaki usawa wa ardhi, na maji mara mbili kwa wiki mpaka mvua ishike.

Andika hapa NIPO na idadi ya watu mnaokuja, kabla ya kesho saa 2 usiku. Mama Neema anataka kujua uji apike wa wangapi.