Uzito unaporudi, msimlaumu mgonjwa

Mhariri,

Mwezi uliopita, katika kliniki ya kisukari hapa Kisumu, muuguzi alinipima na kuona kwamba kati ya kilo 16 nilizokuwa nimepunguza, kilo 11 zimerudi. "Mama, umejiachilia," aliniambia kwa sauti iliyosikika hadi benchi la mwisho. Simtaji yeye wala kliniki yake, kwa maana maneno hayo nimeyasikia pia kanisani, katika chama chetu cha akina mama na kwa mashemeji zangu, na naamini wote waliyasema kwa nia njema. Hata hivyo si ya kweli, na nimeona kwa macho yangu wagonjwa wenzangu wakiacha kuja kliniki kwa sababu yake.

Wengi wetu tunauona mwili kama debe, kwamba ukipunguza unachomimina kilichomo kitapungua, na kikishapungua kitabaki pale pale ulipokiacha. Lakini mafuta ya mwilini si mzigo uliokaa kimya. Seli zake hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York, nayo husafiri katika damu hadi sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, kuupasha ubongo habari za akiba iliyopo. Akiba inapopungua leptini hushuka, na ubongo huichukua hali hiyo kuwa njaa, hata kama mwenye mwili bado ana kilo 90. Wakati huo huo tumbo huongeza grelini, homoni inayoamsha hamu ya kula. Seli za mafuta nazo, mtu anapokonda, hazipungui idadi, hunywea tu.

Wapo watakaosema kwamba hali hiyo ni ya majuma machache, na kwamba mwili huzoea. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo yao kuhusu watu 50 wanene waliokula chakula kidogo mno kwa wiki 10 na kupungua kilo 13 hivi kwa wastani. Mwaka mmoja baadaye, homoni zao za njaa na za shibe zilikuwa bado hazijarejea hali ya awali, na wenyewe walikuwa wakihisi njaa kuliko kabla ya kuanza. Mtu huyo akikaribishwa sahani ya ugali na samaki, akakataa leo, akakataa kesho na keshokutwa, anafanya kazi ambayo jirani yake asiyewahi kupungua hana habari nayo kabisa.

Njaa ni upande mmoja tu. Mwili uliopungua huanza pia kubana matumizi. Nchini Marekani, watu 14 walioshiriki shindano la runinga la kupunguza uzito walichunguzwa miaka sita baada ya shindano, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Karibu wote walikuwa wamenenepa tena, na miili yao, wakiwa wamepumzika, ilikuwa ikitumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo na umri wao. Kalori hizo ni kama chapati mbili kubwa. Mtu wa namna hiyo akila sawasawa na mwenzake wa kilo zile zile, yeye ataongezeka na mwenzake atabaki vile vile, na hakuna hata mmoja kati yao aliye mlafi.

Wazee wetu hutushauri turudi nyumbani tushike jembe. Nawaheshimu, na ni kweli kwamba kazi ya mwili huusaidia moyo na hushusha sukari. Mimi mwenyewe hutembea kila asubuhi. Lakini mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza, jirani zetu wa Tanzania wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula, wakaona kwamba nishati wanayotumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa miili yao, haipiti ya watu wa mijini wa Marekani na Ulaya. Jembe pekee, basi, halitoshi.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa pande hizi tunalijua vizuri. Nilipopungua zile kilo 16, majirani wawili walininong'oneza wakiniuliza kama nimepima ukimwi, kwa kuwa tulizika vijana wengi katika miaka ya 1990 na macho yetu yalizoea kuuona wembamba kuwa kifo. Kilo ziliporudi, wale wale wakasema mimi ni mvivu.

Sisemi kwamba kupungua hakuna maana. Hata kupungua kidogo, kilo tano au sita kwa mtu wa kilo 100, husaidia sukari na shinikizo la damu. Ninachowaomba wakuu wa afya wa kaunti ni kwamba huduma isiishie siku mgonjwa anapopongezwa kwa kupungua, kwa sababu hapo ndipo mwili unapoanza kupigania kilichotoka. Hata sindano mpya za kupunguza uzito ziitwazo semaglutide, zinazoiga homoni ya utumbo na ambazo wengi wetu hatuwezi kumudu bei yake, zikiachwa, sehemu kubwa ya uzito hurudi.

Naomba pia mizani iwekwe mahali pa faragha, na mgonjwa aulizwe kabla ya kuhukumiwa. Miezi minane kabla ya siku ile nilikuwa nimeanzishiwa insulini, dawa ninayoihitaji na ambayo sitaiacha, lakini inajulikana kuongeza uzito, na wengi wa tuliokaa kwenye benchi lile wanaitumia. Habari hiyo ilikuwa imeandikwa katika kadi yangu, na kadi ilikuwa mezani mbele ya muuguzi.

Mwalimu mstaafu,
Kondele, Kisumu