Mchango wa umeme wa kituo chetu cha afya hapa Pemba, kabla ya masika

Assalaam alaykum ndugu zetu mlioko Unguja, Dar, Mombasa, Muscat na kwengineko. Haya tunaiona kurudi kupiga hodi, juzi tu mmetuezekea wodi ya wazazi, lakini jamani imetushinda.

Siku ile ya upepo tagaa la mwembe lilishuka na waya wote kuanzia nguzo ya mwisho mpaka kituoni, waya umelala njiani kwenye maji na watoto ndo wanatoka chuo cha Kurani, ikabidi wazee wasimame na fimbo kuwazuia. Usiku wake mzazi akaletwa. Mkunga simu kaing'ata mdomoni tochi inawaka, maana mikono yote miwili ina kazi. Mtoto mzima, alhamdulillahi. Chanjo nazo zinataka ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8, zikapakiwa kwenye boksi la barafu zikapelekwa kituo chengine kwa bodaboda, mvua inanyesha.

Wapo wanaosema Pemba hakuna vimbunga. Haya, kile cha 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja sisi tukasalimika, na kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kikaelekea Mafia. Lakini sisi upepo wa kawaida tu ushatuweka kizani! Kebo inayotuletea umeme kutoka Tanga tokea 2010 inapita chini ya bahari, kule hakuna mwembe, shida yetu ni hizi nguzo za mwisho huku shamba.

Tunataka kebo ifukiwe ndani ya paipu kutoka nguzoni mpaka kituoni, fundi keshapima, halafu sola na betri za friji na chumba cha kuzalia. Paneli hatuweki juu ya bati, upepo ukinyanyua bati unaondoka na vyote, tunazifunga kwa nati chini kwenye fremu ya chuma iliyomiminiwa zege, na betri zinapanda juu maji yasifike. Mtaro wa kebo tunachimba wenyewe kwa msaragambo, kazi ya pamoja, hapo hatuombi hata shilingi.

Kinamama wa mwani washachanga, na bei ya mwani mnaijua. Nyie wa kwenye grupu mikono ya dua tumeiona mingi, Mungu aipokee, sasa tunaomba na hizo elfu tano tano. Mwenye uwezo zaidi asijizuie, sadaka jariya hii, thawabu zake hazikatiki.

Mshika pesa ni yule yule wa wodi, namba yake mnayo. Risiti zitabandikwa msikitini na picha zitaletwa humu. Duka la Wete limetuwekea kebo mpaka mwisho wa mwezi tu, kwahiyo anaengojea mshahara atume ahadi yake leo tujue tunasimama wapi.