Wazazi wa Mitrovica walikosa pa kushtaki

Mhariri,

Kila nchi ikiporomoka nasikia watu wakisema, "Wapewe Umoja wa Mataifa waitawale." Juzi ilikuwa Haiti, sasa ni Gaza. Mimi nimefanya kazi chini ya utawala wa aina hiyo, na nina neno.

Mwaka 2001 nilikuwa miongoni mwa polisi wa Kenya waliopelekwa Kosovo, kusini-mashariki mwa Ulaya. Nilipangiwa Mitrovica, mji uliokatwa katikati na mto Ibar. UNMIK, ujumbe wa Umoja wa Mataifa huko Kosovo, ulioundwa kwa Azimio 1244 la Baraza la Usalama la Juni 1999, haikwenda kulinda amani tu. Ndiyo iliyokuwa serikali. Mkuu wake mmoja alitunga sheria, akateua majaji na kuwaachisha kazi. Nambari za magari, hati za kusafiria, ushuru wa mpakani, vyote vilitoka kwetu. Mengi tuliyafanya vizuri, na sioni haya kusema hivyo.

Lakini upande wa kaskazini kulikuwa na kambi ya Waroma (jamii ya wachache huko Ulaya, wengine huwaita Wajipsi), Česmin Lug: mabanda karibu na vilima vya taka za migodi ya Trepča. Upepo ukivuma, vumbi lilitua kwenye sufuria na kwenye nguo zilizoanikwa. Watoto walicheza humo humo. Lilikuwa vumbi la risasi, si ile ya bunduki, bali madini yanayoingia kwenye damu na kudumaza akili ya mtoto. Agosti 2000 kiwanda cha kuyeyusha risasi cha Zvečan, jirani kabisa, kilifungwa kwa sababu ya moshi wake. Kambi ikaachwa pale miaka 10 zaidi.

Wazazi wangeshtaki wapi? Kanuni 2000/47, waliyoitunga UNMIK wenyewe, ilizikataza mahakama za Kosovo kuwagusa. Jopo la haki za binadamu lilikuja kuundwa 2006. Mwaka 2016 likasema wazi kwamba walalamikaji 138 walikosewa na wafidiwe. Kazi yake ilikuwa kushauri tu. Mwaka 2017 makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, yakaeleza masikitiko, yakafungua mfuko wa michango ya hiari. Fidia yenyewe hawakulipwa.

Chifu akininyang'anya ng'ombe leo, kesho niko kortini Nakuru. Mama wa Česmin Lug hakuwa na korti ya kumpeleka aliyemtawala, na mtawala huyo ndiye aliyekuja kufundisha utawala wa sheria! Jambo hili linaniuma mpaka leo.

Tukiombwa tena polisi wa kwenda kuendesha nchi ya watu, wajumbe wetu New York waulize kabla ya kupiga kura: mwananchi wa huko atashtaki wapi, na pesa za fidia zimetengwa katika bajeti ipi?

Inspekta mstaafu,
Nakuru