Barua kwa binti wa kaka yangu anayetaka kuishi kwa brashi

Mwanangu,

Baba yako kanipigia simu, sauti iko juu. Anasema unataka kuacha kazi ukachore picha, na kwa kuwa mimi shangazi yako ndiye niliyekuwa nakununulia rangi tangu utotoni, nikukanye. Sikukanyi. Ila nina neno na wewe, na naliandika hadharani kwa sababu vijana wengi wanalala na wazo hilohilo kichwani.

Mzee Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru akaja Dar es Salaam kutafuta maisha. Alipoanza kuchora mwaka 1968 hakuwa na turubai la kuchorea. Alitumia vipande vya ubao mwembamba wa hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli. Picha zikapangwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, mkewe akiziuza kwa wageni. Yeye mwenyewe akapata kazi hospitali ya Muhimbili, mhudumu wa wodi, na bado akachora. Mshahara haukumpunguzia usanii hata chembe. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kimakosa, akafa. Alichora miaka minne hivi tu, na mtindo mzima ukabaki na jina lake.

Sasa pita maduka ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Twiga chini ya jua linalozama, tembo na Kilimanjaro, Wamasai warefu wekundu, duka hadi duka. Siwadharau wachoraji hao. Picha hizo zimesomesha watoto. Lakini mtalii akitajiwa bei huinua mabega akahamia duka la pili, maana picha ni ileile. Hapo anayepanga bei ni mnunuzi.

Ndiyo maana naipenda ile picha yako ya mama wa Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, anayekaanga samaki. Umeanza na rangi moja ya nyuma, ukaiacha ikakauka kabisa, ndipo ukamleta mama na karai lake, na matone ya mafuta umeyadonoa moja moja kwa ncha ya brashi. Mama yule kafinya jicho moja kukwepa moshi. Jicho lile halipo duka lolote. Na wewe ukaiuza kwa bei ya kutupa, eti mteja ni rafiki! Ulihesabu hadibodi? Rangi? Nauli ya Kariakoo? Siku ulizoinama mpaka mgongo ukauma? Nunua daftari, andika kila shilingi inayotoka na inayoingia. Rafiki wa kweli atalipa.

Jambo jingine, na hili usilichukulie kirahisi: anayenunua picha amenunua picha, hakununua ruhusa ya kuichapa kwenye fulana na kalenda. Hiyo inauzwa peke yake, kwa maandishi, na bei yake. Weka sahihi yako kwenye kila kazi, ipige picha kabla haijatoka nyumbani, kisha nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaandikishe kazi zako.

Kazi usiiache sasa. Chora jioni na mwisho wa wiki, mpaka daftari lionyeshe kwamba picha zinalipa kodi ya nyumba miezi kadhaa mfululizo, si mwezi mmoja wa bahati. Siku hiyo andika barua ya kuacha kazi, nami nitakusaidia kuiandika.

Jumapili njoo nyumbani na daftari hilo. Baba yako niachie mimi.

Shangazi yako