Si kila kinachowasha kinataka tyubu moja

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ile tyubu ya mchanganyiko isiyokosekana katika nyumba nyingi za Mombasa. Mtoto akitoka choa hupakwa hiyo, baba akiwashwa kinenani hiyo hiyo, mama akiota harara shingoni hiyo hiyo.

Ndani yake mna dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi. Hiyo steroidi ndiyo yenye balaa. Hutuliza wekundu na muwasho kwa siku mbili tatu, mgonjwa akadhani amepona, kumbe imelaza ulinzi wa ngozi tu na fangasi wanazidi kuenea. Choa kilichokuwa duara lenye ukingo ulioinuka hupoteza umbo, kikatapakaa hata daktari asikitambue upesi. Ngozi ya usoni na kinenani ni nyepesi. Ikipakwa wiki nyingi hukonda na kutoka michirizi isiyofutika. Kabla ya kulipa kemisti, soma maandishi madogo chini ya jina la biashara. Ukiona betamethasone au clobetasol, hiyo ni steroidi kali, haifai kwa choa.

Choa cha mwilini chataka klotrimazoli ya asilimia 1 peke yake, mara mbili kwa siku, ipakwe hadi nje kidogo ya ukingo, wiki 2 hadi 4, wala isiachwe siku baka linapotoweka. Mapunye ya kichwani ni jambo jingine: fangasi wamo ndani ya unywele, krimu haiwafikii. Mtoto huhitaji vidonge, mara nyingi griseofulvini, wiki 6 hadi 8, kwa kipimo cha uzito wake. Kinyozi naye aondoe nywele kwenye mashine na kuipangusa kwa spiriti baada ya kila kichwa.

Upele wa kweli, ule uwashao zaidi usiku, baina ya vidole, vifundoni mwa mikono, kiunoni na sehemu za siri, hausababishwi na fangasi. Ni kidudu, jamaa wa utitiri wa kuku. Jike lake huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga humo. Aliyeambukizwa mara ya kwanza aweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku anawaambukiza anaolala nao. Kumtibu anayejikuna peke yake basi ni kutwanga maji kwenye kinu. Nyumba nzima ipakwe usiku mmoja, toka shingoni hadi nyayoni, na chini ya kucha pia. Krimu ya permethrini ya asilimia 5 ikae saa 8 hadi 14, irudiwe baada ya siku 7. Kwa wanaotumia BBE, yaani dawa ya kupaka ya benzili benzoeti, ile ya asilimia 25 ni ya watu wazima. Ya mtoto huzimuliwa kwa maji kiasi sawa, na mtoto mchanga apelekwe kliniki kwanza. Shuka, leso na nguo za siku 3 zilizopita zifuliwe kwa maji moto. Zisizofulika zifungiwe siku 4 ndani ya ndoo yenye kifuniko, kwani kidudu hakidumu nje ya mwili. Muwasho huendelea wiki kadhaa baada ya vidudu kufa. Kurudia dawa kila usiku huchoma ngozi tu.

Mba wa kifuani na mgongoni hauambukizi, wala si uchafu. Fangasi wake wanaishi juu ya ngozi ya kila mtu. Joto na jasho la kaskazi huwazidisha. Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2 ipakwe juu ya mabaka, ikae dakika 5, ioshwe, kwa siku 5. Rangi huchukua miezi kurudi. Ukikwangua baka kwa ukucha na lisitoe unga, dawa imefanya kazi, usinunue nyingine.

Harara ni njia za jasho zilizoziba. Mafuta ya mgando huziziba zaidi. Maji baridi, leso nyepesi na upepo hutosha.

Ila baka lililopauka au jekundu, lisilowasha, na ukiligusa kwa ncha ya pamba hakuna unachohisi, lisipakwe chochote. Hiyo yaweza kuwa dalili ya ukoma. Nenda hospitali ya serikali. Dawa zake ni bure, na zikianzwa mapema vidole havipotei.

Mfamasia,
Majengo, Mombasa