Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani: sahihi ya mzee ya nini?

Mheshimiwa Diwani wetu,

Shikamoo. Najua una shughuli nyingi, ndiyo maana nimesubiri tangu Machi 8, siku uliyotugawia kanga ukasema fomu za mikopo ya kina mama ziko tayari, "njooni tu". Kanga yenyewe siku hizi naepulia sufuria.

Tumekuja, Mheshimiwa. Jumanne ilikuwa mara ya nne. Nilimwachia jirani banda na wali jikoni, nikadandia daladala. Kijana wa dirishani akapekua fomu hadi ukurasa wa mwisho: "Mama, sahihi ya mzee iko wapi?" Nikamjibu mzee yuko nyumbani anafua sare za watoto. Foleni nzima ikaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Mume wangu alipunguzwa kazini mwaka wa pili huu. Kodi ya chumba, michango ya shule, dawa za mama mkwe, vyote vinatoka kwenye sufuria zangu. Naye anasonga ugali kunishinda (asisome hapa).

Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo hii, na 4 kati ya hizo ni za wanawake. Tangu lini zikawa za waume zetu? Labda kuna mtu kaona marejesho yanasuasua akajitungia sharti. Labda ni mazoea tu.

Banda langu liko pembeni ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na kwenye hotuba yako ulimtaja Bibi Titi mara tatu. Basi kumbuka na hili: 1955, alipowaita wanawake wa mji huu waingie TANU, alipita kwenye vikundi vya ngoma na kwa wapika pombe. Watu wa sufuria kama sisi. Na 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Majaji waliuona upishi wa ndani. Huu wangu wa barabarani haujaonekana dirishani kwako?

Kikundini tuko watano. Mmoja mjane, naye kaambiwa alete sahihi ya mzee. Aifuate makaburini Kisutu?

Sitaki kanga nyingine. Futa ule mstari, Mheshimiwa. Ule mmoja tu. Jumatatu nakuja mara ya tano.

Mama lishe, mpiga kura wako